Bibi Kaa wa Nne

Jumatatu, 6 Novemba

Leo historia imeanza. Naandika kwa mwandiko mzuri ili watakaokuja kunihoji wasihangaike.

Nimepata jeshi! Nilikuwa kazini, nimekaa juu ya choo cha maonyesho, kile cha bei mbaya kinachopasha moto makalio. Mvua Osaka nzima, mteja hakuna. Mara likanijia. Kaa!

Miaka yote kwenye mchezo wa kadi wa Vita vya Vilindi nimecheza kadi kubwa kubwa. Papa, majoka, nyangumi wenye mizinga. Kila mmoja bingwa, kila mmoja na lake. Nimepigwa kama ngoma. Kumbe dawa ilikuwa wale kaa wadogo ambao watu wakishafungua pakiti huwatupa kwenye boksi la takataka.

Maana kaa mmoja si kitu. Nguvu yake moja, hata uduvi anamwonea. Lakini kila kaa akiingia mezani, wenzake wote wanapanda nguvu. Kaa Mpiga Kengele akishuka anamwita mwingine kutoka kwenye fungu lako. Huyo naye anaita mwingine. Halafu anashuka mwenyewe, Bibi Kaa wa Mwezi, na kila kaa anahesabiwa mara mbili. Hapo mpinzani anaanza kutafuta koti lake. Kidole kimoja hakivunji chawa! Nililisema hilo kwa sauti, nimenyoosha kidole juu, bado nimekaa chooni. Mteja alikuwa ameshaingia. Akatoka.

Jeshi ni kadi hamsini, na kadi ya aina moja mwisho nne. Mabibi Kaa ninao watatu. Wa nne anaye Doi.

Doi ni rafiki yangu tangu sekondari. Fundi baiskeli, kichwani hana unywele hata wa ushahidi. Kila mwaka mimi na yeye tunakwenda Nagoya kwenye mashindano ya wawili wawili. Kila mwaka tunatolewa raundi ya kwanza, tunakula mabawa ya kuku kwa mikono mpaka viwiko vinang'aa, tunarudi na treni tukimtukana mwamuzi. Ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote katika mwaka. Nozomi, mke wangu, asisome hapa.

Sasa mwaka huu duka letu la kadi limeleta utaratibu. Doi alishinda mwezi uliopita, kiti cha kwanza chake. Cha pili atapewa mshindi wa Jumapili ya tarehe 19. Nikamwambia Doi aende kwa meneja aseme ananitaka mimi, yaishe. Akanijibu nishinde kama watu wengine. Doi huyo! Mtu niliyempa majibu ya hesabu mwaka mzima wa pili! (Tulifeli wote, lakini nilimpa.)

Jumatano, 8 Novemba

Nimepita dukani kupeleleza. Ghorofa ya tatu, juu ya mgahawa wa chapati za kabichi, ngazi zinateleza mafuta.

Adui ni mmoja tu. Kajitani, daktari wa meno. Meno yake yamepangika mpaka yanatia hasira. Kadi zake anazishika kwa kibano. Kabla ya mchezo anainama mpaka paji linakaribia meza, na ukimfunga anakushukuru kwa somo ulilompa. Nani anashukuru kwa kufungwa? Mnafiki.

Kajitani akijua nacheza kaa, ataweka zile kadi zake za kuchemsha maji na jeshi langu litakuwa supu. Kwa hiyo nimebuni mpango. Mpango mtamu mpaka nimejicheka mwenyewe kwenye ngazi.

Nimemwita Doi pembeni na kumnong'oneza, kwa siri kubwa, asimwambie mtu, kwamba nacheza majoka.

Mdomo wa Doi ni mpira wa maji uliotoboka. Mwaka juzi nilimdokezea habari za bawasiri zangu. Wiki haijaisha, muuza vitumbua vya pweza wa kituoni akaniuliza kama naweza kukaa. Kwa hiyo kufikia kesho kutwa Kajitani atakuwa amejaza fungu lake kadi za kuua majoka, na mimi nitamshukia na kaa! Chezea mimi!

Doi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akauliza kama kweli sina haja na kaa. Nikamwambia kaa ni chakula. Akafungua mdomo kusema jambo, nikamkata. Adui asipewe nafasi ya kufikiri, na Doi pia.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimeuawa.

Nilifika dukani nimevaa kofia na barakoa, nikainamia boksi la takataka kuokota kaa wangu kimya kimya. Meneja Muneta akaniita kwa jina toka mlangoni na kuuliza kwa nini nimevaa kama mwizi wa benki. Sawa. Nilipata kaa kumi na wanane.

Halafu nikamsogelea Kajitani, nikamuuliza kama upepo tu, ana maoni gani kuhusu majoka. Akashangaa. Akasema majoka hajayaona mezani tangu majira ya joto, kuna mtu anayacheza?

Doi hakusema! Mara ya kwanza katika maisha yake! Nilipomvuta kwenye ngazi akajipiga kifua na kujisifu kwamba siri yangu ameimeza kama jiwe, hata mkewe hajamwambia, na mkewe alimuuliza. Machozi ya fahari yanamlenga. Ningemsukuma ngazi zote tatu.

Na hilo si baya. Baya ni hili. Kajitani akafungua albamu yake ya kadi za mapambo. Ukurasa wa mwezi. Katikati ya ukurasa, ndani ya plastiki, amelala Bibi Kaa wa nne. Nikauliza ametoka wapi. Doi akadakia kwa furaha kwamba amemwazima daktari, maana mimi si nilisema sina haja na kaa, na daktari alibakiza kadi hiyo moja ukurasa ujae. Hamchezi hata! Anamtazama! Anasema anapenda rangi ya mwezi.

Ningeweza kumwambia Doi ukweli palepale. Maneno matatu tu. Lakini angeniuliza kwa nini nilimdanganya, na mimi ningejibu nini? Nimenunua vitumbua vya pweza kumi na viwili na kuvila peke yangu. Kimoja kimeniunguza ulimi.

Jumatatu, 13 Novemba

Mbinu mpya: kwenda kwa adui nyumbani kwake. Nikaweka miadi ya meno.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mtu akiwa kazini ni mlaini. Nitajilaza kwenye kiti chake, tutaongea kiume, nitampa papa wangu wawili wanaong'aa kwa Bibi Kaa mmoja. Ambacho sikukihesabu ni kwamba kwenye kiti hicho mdomo hauwi wako. Nilianza hotuba, akaniwekea mrija wa kunyonya mate. Nikataja papa, akadhani nalia maumivu, akaniongeza sindano ya ganzi. Nikataja papa tena, akaniomba radhi na kuongeza nyingine.

Nina jino bovu, la nyuma kulia. Nilikuwa nalo. Ameling'oa.

Mwisho nilifaulu kuandika ombi langu kwenye kitambaa cha karatasi. Akalisoma kwa heshima zote. Akasema kadi si yake, ni ya Doi, na kama naihitaji nimwambie Doi, ataitoa leo hii. Yaani jambo lilelile moja nisilotaka kufanya! Nikamwambia naitaka kwa ajili ya mpwa wangu anayependa mwezi, na asimwambie Doi, itamharibia zawadi. Sina mpwa. Nusu ya uso ilikuwa imelala, sijui alisikia nini. Alinipa mswaki wa bure.

Jumatano, 15 Novemba

Mafua yamenishika. Pua imeziba kama bomba la mteja.

Nimelifanyia jeshi mazoezi. Nimecheza dhidi yangu mwenyewe, mkono wa kulia kaa, wa kushoto yale majoka ya zamani. Nimefungwa na mkono wa kushoto mara tano. Jeshi lenyewe ni zuri, ila Bibi Kaa haji! Watatu katika hamsini, na wote wanakaa chini kabisa ya fungu kama wakwe wanaongoja kubembelezwa. Wapiga Kengele nao wanakuja nikishakufa.

Kinachokosekana ni bahati. Na bahati ipo hapa hapa nyumbani.

Sebuleni kwetu kuna kabati la marehemu. Baba mkwe, mzee Eisaku, yumo kwenye picha, na kikombe chake cha wali, kengele yake ndogo na chungu cha majivu ya udi. Hapa duniani mzee alishinda kila bahati nasibu aliyogusa. Baiskeli mbili, jiko la mchele, safari ya Hokkaido. Amekufa sasa mwaka wa tisa na hajanisaidia hata mara moja. Basi nikachukua Mabibi watatu na Wapiga Kengele wanne, pamoja na vijaladi vyao vyeusi vya plastiki, nikawapanga chini ya picha yake. Nikapiga kengele. Nikamwambia: mzee, najua hukunipenda, lakini hii ni kwa ajili ya Nagoya.

Usiku mmoja tu, kesho nawatoa.

Alhamisi, 16 Novemba

Siwezi kuwatoa.

Mama mkwe ndiye huamka wa kwanza kumpa mumewe wali na habari za mtaa. Nimeamshwa na kilio. Nimekwenda mbio na pajama. Mama mkwe amepiga magoti mbele ya kabati, ameshika mdomo, anatazama kaa saba.

Mzee Eisaku, kumbe, alikuwa mtu wa kaa! Kila Novemba, msimu wa kaa ukifunguliwa, alikuwa akipanda treni hadi pwani ya kaskazini kuwala, akirudi ananuka kaa wiki nzima. Mama mkwe akasema miaka yote amedhani mimi simkumbuki mumewe, kumbe nilikuwa nakumbuka hata chakula chake na mwezi wake. Akanishika mikono. Akaniita mwanangu. Miaka kumi na sita ya ndoa, alikuwa akiniita "yule wa vyoo".

Nozomi alinitazama. Nozomi si mjinga. Akaniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho kwamba nitaeleza. Akanijibu kwa macho kwamba yeye anajua nisivyowahi kueleza.

Mama mkwe amesema kaa hao wasiguswe. Amewasha udi mara tatu kwa shukrani.

Jumamosi, 18 Novemba

Bado wamefungwa. Mama mkwe amekaa sebuleni kama askari. Jirani, mama Ogura, ameletwa kuwaona, naye akawasha udi wake. Dada yake mama mkwe amekuja na treni kutoka Kobe. Udi. Nozomi amefungua madirisha na kulalamika kwamba nyumba imekuwa hekalu lililoshika moto. Mimi sisikii harufu yoyote, pua ndiyo hii.

Ila naona baraka jinsi zinavyoingia! Siku tatu za maombi mfululizo, wanawake watatu wenye umri! Kajitani ana nini? Ana kibano.

Mpango wa kesho. Mama mkwe anakwenda kuoga, mimi nawatoa kaa na kuacha mbadala, asione pengo. Nimenunua dukani pakiti ya vile vijiti vya samaki vilivyotiwa rangi vikaitwa kaa. Kaa kwa kaa. Mzee hatatambua, ni picha.

Jumapili, 19 Novemba

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Nimeingia dukani nikinukia ushindi. Nilidhani ni ushindi.

Raundi ya kwanza, mwanafunzi wa chuo mwenye nyoka wa baharini. Bibi Kaa alikuja mkono wa kwanza! Mpiga Kengele akaita, aliyeitwa akaita, meza nzima makucha! Kijana akapiga chafya na kukubali. Raundi ya pili, mpishi wa ule mgahawa wa chini, nyangumi. Macho yalikuwa yakimtoka machozi mchezo mzima, nikajua ni hofu. Ya tatu vilevile. Nilitazama dari nikamwambia mzee asante. Jeshi lilikuwa linakwenda lenyewe, kila kadi inamsukuma mwenzake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile mikononi mwangu. Doi alikuwa amesimama nyuma yangu, amekunja mikono, na nilimsikia akinong'ona kwamba ala, ni kaa.

Fainali, Kajitani.

Akainama. Safari hii aliinama zaidi, paji likagusa meza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuna msiba nyumbani. Amesikia harufu ya udi.

Hapo mtu mwingine angesema hapana. Mimi nikaona nafasi. Mfiwa hapigwi sana! Nikashusha macho. Nikasema, baba mkwe. Nikaongeza kwamba bado siamini.

Kajitani akaweka mkono kifuani na kunipa pole mpaka akanitia aibu kidogo. Doi alikohoa. Jeneza la baba mkwe tulilibeba pamoja mimi na yeye, miaka tisa iliyopita, na yeye alijikwaa. Na hiyo akaimeza.

Mchezo wa kwanza nilishinda. Tulikuwa tunatafuta miwili kati ya mitatu. Mchezo wa pili nikaona jambo. Kila nikivuta kadi nzuri, Kajitani anatulia, ananusa kidogo, halafu anaweka ulinzi. Nikivuta kadi ya hovyo, anashambulia. Nikabadilisha uso. Nikacheka nikiwa na kadi mbaya, nikanuna nikiwa na nzuri. Haikusaidia. Akashinda wa pili.

Kabla ya wa tatu akainua mkono na kumwita Meneja Muneta. Akasema si malalamiko, anaomba radhi kusema hivi kwa mtu aliyefiwa, ila huzuni ya bwana Tsumura, ndiye mimi, inanukia zaidi akishika kadi fulani.

Muneta ana sheria moja anayoipenda kuliko wanawe: kadi ikitambulika kwa mgongo ni kadi ya alama. Iwe imekunjwa, iwe na mkwaruzo, iwe na mchuzi. Akalaza kadi zangu zote hamsini migongo juu, akafumba macho, akainamia meza na kuanza kunusa. Moja baada ya moja, kama mama anayechagua tikiti sokoni. Kila baada ya muda akasukuma moja pembeni. Alipomaliza akazifunua.

Mabibi Kaa watatu. Wapiga Kengele wanne. Hakukosea hata moja! Watu walipiga makofi.

Nimetolewa. Nikapiga kelele kwamba sikukusudia, haki ya nani sikukusudia! Ndiyo kweli pekee niliyosema tangu tarehe sita, na hakuna aliyeiamini. Muneta akanirudishia kadi zangu kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo.

Doi alinifuata kwenye ngazi. Nilingoja acheke. Hakucheka, ndilo lililoniuma. Akaniuliza kwa nini sikumwambia ni kaa. Akasema Bibi alikuwa mfukoni mwake siku ile ile, alikuja naye anipe, ndiyo maana aliuliza mara mbili. Nikamwambia vita ni siri. Akanitazama sana, akasema mficha uchi hazai, akarudi juu kupanga safari na Kajitani.

Nimelifikiria hilo treni nzima. Uzazi umeingiaje hapa?

Jumanne, 21 Novemba

Siku ya kunyolewa bila maji.

Kwanza mama mkwe kagundua vijiti. Alikuwa anawafanyia kaa sala ya asubuhi, akashika pakiti. Mzee Eisaku, nimeambiwa leo, alivichukia vijiti vile kuliko kodi. Aliviita soksi za kuchemsha. Siku moja alimfukuza mgeni aliyevileta. Na mimi nimemlisha siku mbili. Sasa mimi ni "yule wa vyoo" tena, na Nozomi ametoa hukumu: kaa wa kweli, wazima, kwa nyumba nzima na shangazi wa Kobe, kwa mfuko wangu.

Mchana ukaja mzigo. Boksi la mti, limefungwa kwa karatasi ya zambarau. Udi wa sandali, ule wa daraja la mahekalu. Umetumwa na Kajitani kwa mama mkwe, na barua ya pole kwa kumpoteza mume.

Mama mkwe akasoma mara mbili. Miaka tisa! Akaamua kwamba daktari ni mtu wa kizazi cha zamani asiyesahau, na lazima mzee aliwahi kutibiwa naye jino. Akapiga simu kushukuru. Mimi nilikuwa bafuni, sikio mlangoni. Nilimsikia akisema ndiyo, miaka tisa, mwezi wa Machi. Halafu akasikiliza. Halafu akasema asante, asante sana.

Nikatoka na kuuliza daktari amesemaje. Mama mkwe akasema ni mtu mwema ajabu. Amesema nisiache kupiga mswaki, na kwamba ananiombea.

Jumapili, 26 Novemba

Jana ilikuwa Nagoya. Sikufikiria habari za Nagoya hata kidogo. Asubuhi nilifikiria wanapanda treni, mchana nilifikiria wako raundi ya kwanza, jioni nikafikiria mabawa. Tulikuwa tunakula kaa. Wazuri, inasemekana. Mimi walinipita kooni kama karatasi.

Leo Doi amekuja. Hakupiga simu, amebisha tu, kichwa kinameta kwa mvua, mkononi mfuko. Ndani ya mfuko mabawa ya kuku ya Nagoya, yamepoa, yameganda mafuta. Akasema wamefika raundi ya nne. Ya nne! Mimi na yeye hatujui hata raundi ya pili ina viti vya rangi gani. Akasema Kajitani alicheza vizuri mno, hakumtukana mwamuzi hata mmoja, na mabawa anakula kwa uma. Akasema ilikuwa kama kusafiri na kalenda. Akasema hakuona sababu ya kula mabawa bila mtu wa kugombania naye, basi akayaleta.

Nikapenga kamasi. Nikamwambia ni mafua, ingawa mafua yameisha tangu Alhamisi.

Tulikula sakafuni, kwa mikono. Mama mkwe akapita na kusema tunachafua mkeka. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote mwezi huu, naandika hivyo na nisiulizwe.

Halafu Doi akafuta vidole, akatoa kitu mfukoni na kukiweka baina yetu. Bibi Kaa wa Mwezi. Wa nne. Daktari amemrudisha. Mwezi wake kweli una rangi nzuri, sikuwahi kuutazama.

Doi akasema mwezi wa tatu kuna mashindano mengine, huko kila mtu anajiandikisha na amtakaye, hakuna mchujo. Yeye ananitaka mimi. Hataki kitu kingine ila kimoja: nimwambie safari hii natengeneza jeshi gani, la kweli, ili naye apange lake lisaidiane na langu. Wawili wawili maana yake ni hiyo, akasema. Nikimwambia tu, Bibi ni wangu, hata kumrudisha nisimrudishe.

Sasa, lazima nieleze hali ilivyokuwa. Nyuma ya mgongo wa Doi, chini ya picha ya mzee Eisaku, jeshi langu lilikuwa limepangwa tangu Jumatano, likifukizwa sandali ya Kajitani. Mama mkwe ameruhusu, kwa masharti ya kaa wa kweli. Maana nimeligundua kosa langu la tarehe 19, ni dogo sana, hata linachekesha. Nilifukiza saba. Ilibidi kufukiza zote hamsini! Zote zikinukia sawa, Muneta atanusa mpaka pua ianguke mezani na hatatenganisha hata moja. Kinachobaki ni siri. Siri tu. Na mbele yangu alikuwa amekaa mdomo uliotangaza bawasiri zangu mpaka kituo cha treni.

Doi alinitazama. Nilimtazama Bibi Kaa. Niliona jinsi anavyokaa vizuri na wenzake watatu.

"Majoka," nikamwambia.

Doi akatazama kabati, akavuta pumzi kwa pua, akaniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia hakika kabisa. Basi akamchukua Bibi polepole, akamrudisha mfukoni, akasema kama ni hivyo atamwazima tena daktari kwa ule ukurasa wake. Akavaa koti. Bawa la mwisho aliniachia mimi.

Maskini Doi. Ameondoka hajui kitu.